Kadi ya Dawa na Chupa ya Vitamini

Guildford, Sydney, Jumapili jioni

Mwanangu Naliaka,

Barua hii haijavuka bahari yoyote. Wewe uko Parramatta unakula kuku na wenzako kwa mara ya mwisho, baba yako yuko sebuleni anapima sanduku lako tena kwenye mizani ya bafuni, na mimi niko jikoni naandika kama mtu ambaye mwanawe tayari yuko mbali. Utaikuta kesho kwenye mfuko wa mbele wa begi la mkononi, pamoja na dawa zako. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Najua unakielewa chote, ila ukiongeleshwa unajibu kwa Kiingereza, na leo sitaki kujibiwa. Nataka unisikilize mpaka mwisho.

Sitakuambia uvae soksi mbili. Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Mama mdogo wako Nafula yuko Dallas na simu yake haichoki, atakueleza hayo yote, hata yale asiyoyajua. Mimi nina jambo moja, nalo linanitia hofu. Naogopa kwamba siku moja, katika baridi ya huko Minnesota, utasimama mbele ya kaunta ya dawa, utatajiwa bei, utasema asante, na utaondoka mikono mitupu. Naogopa kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kuondoka.

Vidonge tulivyokufungia vitakufikisha karibu na Krismasi. Baada ya hapo ni wewe na watu wa huko.

Hapa Sydney hatujawahi kulipa bei halisi ya dawa yako. Tunatoa karatasi ya daktari na ile kadi ya kijani ya matibabu, tunalipa kiasi ambacho hata mwezi mbaya hakitushindi, tunaenda zetu. Serikali inalipa kilichobaki na hakuna anayetuuliza neno. Kwa mtu mwenye la kuficha, nchi hii ni tamu sana. Unaweza kutibiwa utoto wako wote bila mama yako kufungua mdomo, na ndivyo ilivyokuwa.

Nilipompigia Nafula kumwambia umepata nafasi ya kusoma Amerika, alipiga vigelegele mpaka nikaiondoa simu sikioni. Halafu akashusha sauti.

"Na dawa je?" akauliza.

Yeye ni mmoja wa watu wachache sana wanaojua. Nikamwambia chuo kina bima, nimeiona kwenye karatasi zako.

"Dada, bima ya huku ni mlango tu. Ukiingia unakuta mlango mwingine. Kwanza unalipa mwenyewe mpaka ufike kiwango walichoweka, ndio wao waanze kulipa. Na kabla Naliaka hajafika hapo, hiyo dawa itakuwa imekula kodi yake ya nyumba."

"Sasa watu wanaishije?"

"Kwa kadi," akasema.

Nikadhani anasema kadi ya benki. Kumbe kuna kadi ya punguzo inayotolewa na kampuni yenyewe inayotengeneza dawa. Unaingia kwenye tovuti yao, unajibu maswali, unapewa namba. Ukifika kwenye kaunta unatoa bima kwanza, kisha unatoa kadi, na kampuni inabeba sehemu kubwa ya kile ambacho kingetoka mfukoni mwako. Nafula ana yake kwa sindano zake za ugonjwa wa viungo. Bila kadi hiyo, anasema, angekuwa amerudi nyumbani Kimilili zamani na vidole vilivyojikunja.

Nikamuuliza swali ambalo nadhani na wewe utauliza. Kama kampuni ina moyo huo, kwa nini isipunguze bei moja kwa moja tukapumzika?

Akacheka. "Kampuni si mama yake Naliaka, dada. Inampa yeye kadi ili asiende kwa dawa nyingine, halafu sehemu kubwa ya bei inaidai kwa bima. Lakini wewe chukua. Mbona mama alikuwa anachukua nyongeza sokoni?"

Hapo nikamwona bibi yako, mama yetu, Jumatatu ya soko, amesimama mbele ya gunia la maharagwe na kikapu mkononi. Muuzaji ameshapima, ameshafunga, na mama hasogei. "Niongeze," anasema. Muuzaji anajifanya hasikii. "Niongeze, mimi ni mteja wako." Mwishowe mkono unaingia kwenye gunia na konzi moja inadondoka kwenye kikapu. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiangalia viatu vyangu. Niliona ni kuombaomba. Nikaapa kwamba nikiwa mtu mzima nitalipa bei niliyotajiwa na nitaondoka kichwa juu. Sikujua kwamba muuzaji alikuwa na konzi ile tayari kwa kila mteja, na kwamba aliyepata ni yule tu aliyedai.

Wewe umelelewa na mwanamke aliyeapa kiapo hicho. Hujawahi kunisikia nikiuliza bei mara mbili. Nikiuziwa mkate ulioungua, nautoa ndani ya mfuko, nautazama, nasema thank you. Daktari akisema "any questions?" natikisa kichwa hata kama sikuelewa nusu. Unanitania kwa hayo, na una haki, lakini nimekutazama na wewe. Mwezi uliopita mkahawa ulikuletea chakula ambacho hukuagiza, ukakila chote. Nilicheka na wewe siku ile. Usiku nilipolala sikucheka.

Nafula alinieleza na upande mbaya wa kadi, na hapo ndipo hofu iliponishika vizuri. Kadi ina mwisho. Kampuni inaweka kiasi cha mwaka, na kikikwisha kimekwisha. Na bima nyingine zina ujanja wao: pesa iliyolipwa na kadi hawaihesabu kuwa umelipa wewe. Nafula hakujua. Alichukua sindano zake miezi kadhaa kwa bei ndogo, akiamini kila mwezi unamsogeza karibu na ule mlango wa pili. Siku moja kijana wa kaunta akamtajia bei nzima, kana kwamba hajawahi kulipa chochote. Kadi imekwisha, bima inasema bado hajaanza.

"Ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Nilisema asante."

Aliiacha sindano pale kwenye kaunta. Alikwenda kukaa ndani ya gari lake akalia, kisha akaenda kazini. Kufikia mwisho wa mwezi hakuweza kushika kikombe, mumewe alikuwa anamfunga vifungo vya blauzi. Ni mwenzake wa kazini aliyemuuliza kwa nini hakuwapigia simu kampuni. Akapiga. Kumbe wana watu wa kusikiliza hayo, na wana msaada mwingine kwa aliyekwama, mradi daktari aandike na wewe mwenyewe useme hali yako. Ilichukua muda na maneno mengi, lakini alipata.

"Wangenipa siku ileile," aliniambia. "Sikuuliza. Na mimi, dada, ni viungo tu. Viungo vinasubiri. Hali ya Naliaka haisubiri."

Tuliagana na nikabaki nimeshika simu iliyozimika. Viungo vinasubiri. Wewe ukikosa siku mbili, unaanguka.

Tumekuwa tukisema "ile hali yako" tangu una miaka tisa. Ulipoanguka darasani, na daktari akatuita chumbani na kulitaja jina la ugonjwa, baba yako alitaka aeleweshwe vizuri, mimi nikasema tumeelewa. Nilikuwa nimelijua jina hilo kabla ya kulisikia. Nilizaliwa na kaka, mjomba wako Wanyonyi, ambaye kwetu picha yake haipo ukutani. Alikuwa na kifafa. Alipoanguka, watu walirudi nyuma, kwa sababu walisema mate yake yakikugusa nawe unaupata. Nilimwona akiungua mkono kwenye moto wa kupikia na watu wazima sita au saba wakisimama wakitazama, mpaka mama alipokuja akikimbia kutoka shambani. Alitolewa shule. Sahani yake ilikuwa peke yake, na kikombe chake. Wachumba wa dada zetu wakubwa walipokuja, alipelekwa kwa shangazi. Alikufa kijana, mtoni, amekwenda kuoga peke yake kwa sababu hakuna aliyetaka kuoga naye. Alikuwa mcheshi kuliko sisi wote na hukuwahi kuambiwa hata kichekesho chake kimoja. Nakuomba radhi kwa hilo.

Basi uliponijia wewe na ugonjwa uleule, sikuogopa ugonjwa. Niliogopa watu. Nilisema mtoto wangu hatakuwa na sahani ya peke yake. Nilidhani kukuficha ni kukulinda.

Kwa hiyo tukawa tunaendesha gari kwenda kununua dawa kule Villawood. Unakumbuka ulivyokuwa ukiuliza kwa nini tusinunue hapa Guildford, kemisti iko karibu na stesheni, tunaipita kwa miguu? Nilikuwa nasema kule kuna maegesho. Ukweli ni kwamba hapa Guildford anayekaa kwenye kaunta ni Mama Kendi, tunayeabudu naye, tuliye naye kwenye chama cha wanawake, na mwanamke huyo ana mdomo. Nilimwogopa Mama Kendi kuliko nilivyoogopa kifafa chenyewe. Naandika neno hilo kwa mara ya pili katika barua hii na mkono bado unasita.

Halafu ikaja chupa ya vitamini. Wageni wakija nyumbani walikuwa wakifungua kabati la jikoni kutafuta sukari, na sanduku la dawa lilikuwa hapo na jina lako limebandikwa. Nikatoa vidonge nikavitia kwenye chupa tupu ya vitamini, ile yenye picha ya chungwa. Nilijiona mjanja sana.

Sasa tuzungumze juu ya ile kambi ya vijana, kwa sababu hatujawahi kuizungumza.

Ulikuwa na miaka kumi na tano. Ulikwenda milimani na chupa yako ya chungwa. Jioni ya kwanza wenzako wa chumbani wakaiona wakaomba, kila mmoja kimoja. Kwetu nani humnyima mwenzake vitamini? Umelelewa kwamba ukiwa na njugu kumi na mko watano, ni mbili mbili. Hukuweza kusema hapana bila kusema kwa nini, na mimi nilikuwa nimekukataza kusema kwa nini. Ukawaambia zimeisha, ukaizika chupa chini ya nguo, na kwa kuwa chumba hakikuwahi kubaki bila mtu hukuweza kuifukua tena bila kuonekana. Jioni ile hukumeza, wala kesho yake asubuhi na jioni. Asubuhi iliyofuata ulianguka kwenye meza ya chai. Na kwa kuwa hakuna aliyejua, mtu mwema mmoja, kwa kutaka kukuokoa, akakutia kijiko mdomoni.

Ndivyo ulivyovunjika jino la mbele.

Watu wa gari la wagonjwa walipofika, waliuliza kama kuna dawa yoyote unayotumia. Kiongozi wenu wa vijana alitafuta kwenye begi lako akaipata ile chupa. "Just vitamins," akasema. Hakudanganya. Alisoma kilichoandikwa. Aliyedanganya alikuwa jikoni Guildford anakaanga vitunguu, hajui chochote, mpaka simu ikalia.

Na baada ya hayo yote, Jumapili iliyofuata kanisani walipouliza, nilisema sukari ilishuka. Ulikuwa umesimama kando yangu na mdomo umevimba. Ulinitazama, halafu ukasema kwa sauti ndogo, "Yeah, low sugar." Ulikuwa umeshakuwa mwanafunzi wangu hodari.

Unajua ule usemi wa mficha maradhi, kwamba kilio humuumbua. Nimeusikia tangu utotoni, nimeusema mimi mwenyewe kwenye misiba ya watu, nikitikisa kichwa. Haikunijia hata siku moja kwamba unaniita mimi kwa jina.

Ungedhani niliacha. Sikuacha. Majuma mawili yaliyopita, hapahapa jikoni, ulikuwa unaosha vyombo na mimi napangusa, ukaniambia umepata jina la msichana utakayekaa naye chumba kimoja huko chuoni. Ulikuwa na furaha. Nikakuambia, "Usimwambie mapema. Mwache akujue kwanza." Ukajibu "Okay, Mum," haraka, kama mtu anayefunga mlango taratibu ili asiamshe mtoto. Ile haraka yako ndiyo imeninyima usingizi. Kwa sababu nimejiuliza: mtu asiyeweza kumwambia anayelala kitanda cha pili, atawezaje kumwambia mtu wa kaunta asiyemjua, mbele ya foleni, kwamba dawa hii ni ya kifafa na siwezi kuondoka bila hiyo? Atawezaje kupiga simu kwa kampuni, kusubiri muziki uishe, na kumweleza mgeni kwamba kadi imekwisha na anaomba msaada? Maana kadi hiyo haitolewi kwa mtu anayenong'ona. Mwanzo mpaka mwisho ni kusema. Unaitwa nani, unaumwa nini, dawa gani, daktari gani, umebakiwa na vidonge vingapi.

Na huwezi kukimbilia dawa nyingine ya bei rahisi. Ya kwanza ilikushinda, ya pili ilikujaza vipele, hii ndiyo iliyokutuliza, na bado inatengenezwa na kampuni moja peke yake. Wameshika mpini, sisi tumeshika makali. Kilichobaki ni mdomo wako.

Nilifikiri njia ya kukukwepesha. Nilisema tutakuwa tunakutumia kutoka hapa, kama tunavyompelekea bibi nyumbani dawa za presha kwa mkono wa kila anayesafiri. Nikaanza kuwahesabu watu wa Sydney wanaokwenda Amerika. Halafu nikagundua kwamba ili mtu akubebee dawa ni lazima umwambie ni dawa gani, na nikajikuta nikiwaza: nitavitia kwenye chupa ya vitamini.

Alhamisi nilikuwa nakufungia vidonge. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda chako, natoa kimoja kimoja kwenye karatasi zake navidondosha kwenye chupa mpya, kubwa. Nilijiambia ni kwa sababu ya watu wa uwanja wa ndege. Masanduku yake nilikuwa nimeshayatupa kwenye lile pipa la manjano la taka. Baba yako akarudi kutoka kazini, ghalani kule Smithfield, bado amevaa fulana yake ya kung'aa, akasimama mlangoni. Unamjua, mtu wa maneno ya kupima.

"Mama Naliaka," akasema, "hiyo kadi ya Nafula, kampuni itampa mtoto ya dawa au ya vitamini?"

Hakungoja jibu. Alikwenda nje, nikasikia kifuniko cha pipa kikifunguliwa. Alirudi na yale masanduku, moja likiwa na mchuzi pembeni, akayapangusa kwa mkono wa shati lake akaniwekea mapajani. Nililia, mwanangu. Nililia kwa Wanyonyi na kwa jino lako na kwa kila safari ya Villawood. Baba yako akakaa sakafuni akaanza kurudisha vidonge, lakini ukishavitoa kwenye karatasi zake havirudi. Ikabidi nikachukue vingine. Karatasi ya daktari ilikuwa bado inaruhusu kuchukua dawa mara moja zaidi.

Jana Jumamosi asubuhi nilitoka na ile karatasi. Funguo za gari zilikuwa mkononi, Villawood ni karibu tu. Nilikaa ndani ya gari bila kuliwasha. Kisha nikashuka nikaenda kwa miguu, nikaipita stesheni, nikaingia kemisti ya hapa Guildford.

Kulikuwa na foleni. Mbele yangu palikuwa na mzee mmoja na mama mwenye mtoto mgongoni, na nyuma yangu sikugeuka kutazama. Mama Kendi aliponiona alifurahi kwa sauti.

"Mama Naliaka, leo umetukumbuka? Huwa unanunua wapi wewe?"

"Villawood," nikasema.

"Villawood, na tuko hapa?"

Nikampa karatasi. Alipoanza kuisoma nilitaka kuinyakua. Nikasema kabla hajamaliza, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, "Ni ya Naliaka. Ana kifafa. Tangu ana miaka tisa."

Mama Kendi akainua macho. Huyu ndiye niliyemkimbia miaka yote hii kwa gari na petroli. Nilimtazama usoni nikingoja ile hatua ya kurudi nyuma, ile niliyoiona tangu nikiwa mtoto.

Hakurudi nyuma.

"Na lile jino, kule kambini?"

"Ndiyo."

"Tukaambiwa ni sukari," akasema polepole. Kisha akaenda nyuma na karatasi, akarudi na masanduku ya dawa, akaanza kuyatia kwenye mfuko. Akasita na moja mkononi, akaligeuza, akaangalia bei iliyoandikwa kwa maandishi madogo, ile halisi, ambayo sisi hatuilipi. Na unajua aliniuliza nini, mwanamke huyo niliyedhani atatangaza msiba wangu kanisa zima?

"Sasa huko Amerika anakokwenda, hii inauzwaje?"

Nilicheka, machozi yakatoka. Nikamwambia ni ghali ya kutisha, lakini kuna kadi ya kampuni inayopunguza. Akataka kujua inapatikanaje, kwa sababu ana mpwa wake Atlanta anayetumia dawa ya pumu. Tukasimama pale nikimweleza yote aliyonifundisha Nafula, kwamba ina mwisho, kwamba bima huenda isiihesabu, kwamba ikikwama usiondoke, uwapigie. Yule mzee na yule mama walikuwa wameshaondoka, na waliokuwa nyuma yangu walikuwa wanasubiri. Nilikuwa napiga soga juu ya dawa ya kifafa katikati ya Guildford. Sitakudanganya kwamba hofu iliisha. Leo kanisani nilihisi kila jicho, ingawa nadhani nusu yao walikuwa wanaangalia kofia yangu.

Mama Kendi ametuma ujumbe leo jioni. Anauliza ndege yako ni saa ngapi, anataka kuleta mandazi.

Bado naogopa, Naliaka. Naogopa kadi kukwisha kabla ya mwaka, naogopa theluji, naogopa mto wowote ulio karibu na chuo hicho. Naogopa kwamba umejifunza kwangu vizuri mno na barua moja haitoshi kufuta. Lakini ile kauli niliyokupa hapa jikoni, ya kumwacha msichana huyo akujue kwanza, nakuomba unirudishie. Ilikuwa kauli ya mtoto aliyesimama mbele ya moto akimtazama kaka yake. Haikuwa yako.

Masanduku yako ya dawa yamo ndani ya begi, yana jina lako, na jina la dawa limeandikwa kwa herufi kubwa. Ile chupa ya chungwa nimeiosha nimetia pilipili manga.

Ukifika, mwambie huyo msichana siku hiyohiyo, kabla hujafungua sanduku la nguo. Mwonyeshe vidonge viko wapi. Mwambie ukianguka akulaze ubavu, aangalie saa, akae karibu nawe. Na mwambie, mwanangu, asikutie kijiko mdomoni.

Mama yako